Ukuta Unaolia Bila Mvua

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Fundi Sikio amebandika shavu ukutani chumbani kwa dada yake, macho kayafumba. Tangu wiki iliyopita halijadondoka hata tone la mvua, lakini ukuta umelowa. Matone yametoka yenyewe juu ya bodi za ukuta, yametulia kama jasho kwenye paji la uso.

Anagusa moja kwa kidole, analamba. Chumvi, tena chungu.

Tk.

Sauti imetoka darini, ndogo, kama mtu aliyegonga kwa ukucha.

"Nipo," anaitikia dada yake kutoka kitandani, bila hata kuinua kichwa.

Fundi anafumbua macho, anaitazama dari.

Jina la Sikio amepewa na mtaa, maana hapiti kwenye ukuta bila kuugonga na kuusikiliza. Jirani anayefagia nje hamwachi hivihivi. "Leo umekuambia nini? Usije ukatuanikia umbea wa nyumba nzima!"

Kazi yake ni kutengeneza bodi za saruji ya magnesia. Unga mweupe unakorogwa na maji ya chumvi yake maalumu, unamwagwa juu ya wavu, kesho yake umekuwa jiwe.

"Piga nyundo, inakurudishia mkono. Washa moto, haishiki," anasema. "Kwa nguvu, haina mpinzani. Ila ukiizidishia chumvi inakuwa na ulafi. Inakunywa unyevu wa hewani, halafu inautema. Bodi yenyewe utaiona imesimama vilevile. Kinacholiwa ni skrubu zilizoishika."

Ile tk, anasema, ni kichwa cha skrubu kinachokatika. Juu ya kitanda anacholala dada yake na mjukuu wake mdogo kuna bodi ambayo mtu mmoja haibebi. Vichwa vya skrubu fundi ameshaviokota sakafuni, vyekundu kwa kutu, vinavunjika mkononi kama biskuti.

Dada hataki dari iguswe.

"Mume wangu analia, mdogo wangu. Tangu tumzike mimi ndiye ninayelia, yeye kimya. Leo kaanza, wewe unataka kumng'oa?"

"Dada, ni hewa tu. Upande huu haupati jua."

"Upande huu ndio aliokuwa analala."

Na ni kweli.

"Basi mtoto akalale kwangu."

"Mtoto hamwogopi babu yake. Nawe Sikio, kuta unazisikia, mimi hunisikii!"

Kuna jambo fundi hajamwambia dada yake. Nyumba hii waliijenga wawili, yeye na huyo marehemu shemeji yake. Kwenye karakana waliyofanyia kazi wote wawili, maji ya chumvi yanapimwa kwa yai bichi: likielea, yameiva, acha kuongeza. Shemeji hakuwa akiacha. Yai limeshaelea, yeye anatia kopo lingine. "La kuondoa shaka," anasema, huku anacheka. Bodi za wateja zilikaguliwa na mwenye karakana. Hizi za nyumbani hazikukaguliwa na mtu. Shemeji alikuwa na haraka zikauke, mkewe atoke kwenye chumba cha kupanga.

"Kwa hiyo dada akisema machozi ni ya mumewe," anasema fundi kwa sauti ya chini, "hajakosea sana. Hapo ndipo ninapoogopa. Nikimwambia, labda hatoki tena humo ndani. Nisipomwambia, ataendelea kuitikia."

Mpango wake ni kushusha dari yote kabla mvua hazijaanza. Bodi mpya ameshazimwaga, za chumvi ya aina nyingine isiyotoa jasho, na skrubu zisizoshika kutu zipo. Bodi hizo zimeegemea ukuta wa karakana, kavu. Kila akipita anazigonga, zinalia kama kengele.

Jioni anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaandika ujumbe, anafuta, anaandika tena.

"Dada, chumvi ni ya mkono wake, kweli. Alizidisha ili nyumba ikauke upesi uhamie. Angekuwa hai angekutoa mwenyewe chini ya ile bodi. Leo laleni sebuleni, kule hakuna dari, ni bati tupu. Asubuhi nakuja na ngazi."

Alama inaonyesha umesomwa. Jibu hakuna.

Fundi Sikio anailaza simu juu ya bodi kavu, anainamisha kichwa, anasikiliza kama italia.