Chokaa Iliyomuunguza Wifi Yangu

Ndugu wasomaji, mwenye kosa ni mimi. Si wifi yangu, si shetani. Ni mimi! Naandika kwa kificho, maana mume wangu naye husoma gazeti hili.

Nilikuwa fundi wa kupamba nyumba hapa Kibondo. Ulikuwa wakati wa watu kuhamia vijijini, nyumba mpya kila upande, na wenye uwezo walitaka ndani papendeze: kuta nyeupe, mapazia, vitambaa vya kufuma kwenye makochi. Nikaona hapo pana riziki.

Nikajikusanyia vifaa. Cherehani, futi kamba, brashi tatu, fito za mapazia, ngazi. Nilivyojisifu! Kumbe pipa la kulowekea chokaa sina, na maji ya akiba sikuyahesabu kuwa kifaa.

Mzee mmoja mwenye duka akanipa kazi ya kupamba chumba cha bintiye, bibi harusi wa Ijumaa. Nikamwita wifi yangu, mdogo wa mume wangu, atoke Kasulu aje anisaidie. Msichana mpole, naye alikuwa amekwisha kuchumbiwa.

Chokaa ya mawe hulowekwa kwenye chombo kilicho wazi, kidogo kidogo. Huchemka yenyewe, nawe huiacha ipoe hadi kesho yake. Nilijua! Lakini ilikuwa Alhamisi tayari. Nikaazima mtungi wa pombe ya ndizi, nikatia mawe yote kwa pamoja, nikamwagia ndoo yetu ya mwisho ya maji, nikafunika kwa sinia ili iive upesi.

Ikaanza kunguruma humo ndani.

"Wifi, tuiache hii," akasema, anarudi nyuma. "Mimi naiogopa."

"Woga wa nini? Funua ukoroge, jua linakwenda!"

Akafunua. Yesu wangu! Ikamrukia yote usoni.

"Mawe we! Ndahiye!" akapiga kelele kwa Kiha, anamwita mama yake kwamba ameungua. Nikageuka kutafuta maji. Ndoo tupu! Kisima kiko bondeni. Nikamfuta kwa kanga yangu, kumbe ndiyo nazidi kuisugua chokaa machoni mwake.

Hospitali daktari akaniuliza kama tulimwosha kwa maji mengi palepale. Nikamwonyesha kanga yangu yenye chokaa.

Mume wangu akaja mbio. Dada yake amelala, macho yote yamefungwa bandeji. "Ilikuwaje, mama Yusta?"

Nikajiona narudishwa kwetu na mzigo wangu kichwani, watoto wanabaki. Nikasema: "Nilimkataza. Akafunua mwenyewe. Huyu hasikii."

Jicho la kulia lilipona. La kushoto halioni hadi leo.

Na maneno yangu yakafika Kasulu kabla yetu. Wakwe watarajiwa wakatuma mjumbe. Jicho si neno, wakasema, lingempata yeyote, ila msichana mkaidi asiyemsikia mkubwa wake hawamtaki. Uchumba ukavunjika. Si chokaa iliyouvunja, ni mdomo wangu!

Sasa wifi anaishi nasi. Cherehani nimeiuza, kazi nimeiacha. Akizungumza na kaka yake kwa sauti ya chini, naacha kazi nitege sikio. Akiitwa tu, nashtuka mimi.

Wiki iliyopita tulikuwa uani tunapeta maharage. Akasema bila kuniangalia, "Wifi, siku ile hospitali sikuwa nimelala."

Ungo ukanitoka mikononi. Nikauliza, "Mbona hukumwambia kaka yako?"

"Nilidhani utamwambia wewe." Akainama, akaanza kuokota maharage yangu, moja moja, akipapasa upande asioona.

Ndugu zangu, tangu hapo silali. Heri angenitukana!

Wewe unayetaka kuanza kazi ya kupamba nyumba za watu, kabla ya cherehani na mapazia, kuwa na pipa na maji tele, na chokaa usiiharakishe. Na ukimuumiza mtu, sema siku hiyohiyo, hata kama utafukuzwa.

Msiwe kama mimi. Nimewaambia ninyi nyote nisiowajua, na mume wangu yuko hapo nje anakata kuni, bado sijamwambia.