Mpima Mawingu wa Uwanja Mdogo

Jovin Tesha alistaafu mwaka 2016, lakini kwa miaka saba iliyofuata aliendelea kwenda kazini. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa. Saa mbili asubuhi sisi majirani zake wa Rau tulimwona akitoa baiskeli nje, amevaa koti lake la kijivu lililofungwa vifungo vyote hata wakati wa joto la Januari, na daftari limefungwa kwa mpira kwenye keria. Alikatiza mji wote wa Moshi hadi uwanja mdogo wa ndege. Saa tatu kamili alikuwa amesimama kando ya njia ya kurukia, kichwa juu, akitazama mawingu.

Ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na nane. Alikuwa mpima hali ya hewa. Kila saa alitoka nje ya chumba chake, akasoma joto, akaangalia upepo unatoka wapi, akakadiria mawingu yamefunika kiasi gani cha anga, kisha akapima upeo wa macho, yaani jicho linaona hadi umbali gani. Kwa upeo wa macho hakuhitaji kifaa. Alikuwa na alama zake: minara ya kanisa, miti ya barabara kuu, mashine za kukoboa mpunga za Chekereni, na mbali zaidi moshi wa kiwanda cha sukari. Alama ikipotea, alijua ukungu umefika wapi. Upande wa kaskazini alama ilikuwa moja tu, mlima, na huo asubuhi nyingi haukuonekana.

Watu wa rika lake wanaukumbuka uwanja ulivyokuwa. Ndege ndogo zilikuja na kuondoka karibu kila siku, zikileta madaktari, mapadri, watalii wenye mabegi makubwa, na barua. Jumapili baada ya misa familia zilikuja kukaa kwenye nyasi na kuangalia. Salvina, mke wa Jovin, alikuwa anakuja na binti yao Gladness, amebeba chakula kwenye kikapu, na Jovin alikuwa akitoka kila saa kwenda kusoma vipimo vyake huku mtoto akimfuata nyuma na kurudia namba kwa sauti. Mama mmoja aitwaye Rahma aliuza chai na maandazi langoni. Marubani walimjua kwa jina.

Kuna jambo moja la siku zile ambalo Jovin hakulisimulia mara nyingi. Mimi nililisikia mara mbili tu, na mara ya pili hakulimaliza.

Ilikuwa Julai 1994, mwezi ambao wingu hukaa juu ya mji kama blanketi zito. Mwongoza ndege alikuwa amekwenda kuzika huko Tarakea, na Jovin alibaki peke yake na redio ambayo hakuruhusiwa kuigusa. Karibu saa nne asubuhi ikaita. Rubani aliitwa Denis, na ndani ya ndege alikuwa na daktari na masista wawili waliotoka hospitali ya porini. Uwanja mkubwa wa kimataifa, ule wa jirani, ulikuwa umefungwa na ukungu, na mafuta yalikuwa yanaelekea kuisha.

"Moshi, mnanisikia? Niko kusini kwenu. Naomba kushuka."

Redio ikaita mara tatu. Jovin alitoka nje. Akaisikia injini. Haikuwa kusini. Sauti ilitoka juu ya Kibosho, upande wa mlima, mahali alipozaliwa, ambapo migomba inaishia na msitu unaanza na ardhi inapanda kwa kasi. Mtu akishuka ndani ya wingu kutokea pale, anakutana na miti.

Alikimbia ndani akashika redio.

"Usishuke! Denis, usishuke. Nakusikia upande wa mlima."

"Nani anaongea?"

"Jovin. Wa hali ya hewa. Mimi si mwongoza ndege, ila nakusikia kwa masikio yangu. Uko kaskazini. Panda, halafu geuka kusini."

Kimya. Jovin alisema kile kimya ndicho kitu kirefu kuliko vyote alivyowahi kupima.

"Nimegeuka," Denis akasema. "Kuna nini kusini?"

"Nusu saa iliyopita niliona moshi wa kiwanda cha sukari, wazi kabisa. Kule chini wingu limepasuka. Nenda mpaka uone maji ya mashamba ya mpunga ya Chekereni, shukia hapo, kisha rudi kwangu kwa chini."

Ndege ilitua baada ya robo saa, ikitokea chini ya wingu, magurudumu karibu yaguse miti ya uzio. Masista walishuka wakilia. Denis alishuka wa mwisho, akamshika Jovin mkono kwa mikono yake miwili. Wiki iliyofuata mkuu wake wa wakati ule alimpa barua ya onyo kwa kutumia redio bila idhini. Jovin aliisoma, akaisaini, akarudi nje kwa sababu saa ya kupima ilikuwa imefika.

Baadaye mambo yalipungua taratibu, kiasi kwamba hakuna aliyeweza kutaja siku yalipoanza kupungua. Barabara zikawa nzuri, watalii wakashukia uwanja mkubwa, marubani wakahama. Rahma aliacha kuuza chai. Vifaa vya Jovin viliondolewa, ikaletwa mashine inayopima yenyewe na kutuma namba yenyewe. Salvina alifariki mwaka 2014, miaka miwili kabla ya Jovin kustaafu. Gladness alikwishaolewa Mwanza. Nyumba ya Rau ikabaki na mtu mmoja, redio ya betri, na madaftari. Maana Jovin, kila alichoandika kwenye kitabu cha ofisi, alikinakili kwenye daftari lake mwenyewe. Yalijaa kabati zima.

Kwa hiyo alipostaafu hakujua pa kwenda saa tatu asubuhi, akaenda palepale. Mlinzi wa langoni alikuwa Mashaka, mtu wa Pasua, aliyefahamiana naye tangu ujana. Mashaka alimfungulia bila kuuliza.

"Leo vipi, Tesha? Mlima umetoka?"

"Umetoka nusu. Mabega yamefunikwa."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, na siku nyingi ndiyo yalikuwa mazungumzo pekee ya Jovin hadi kesho yake.

Mwezi Machi, mwaka juzi, alikuta mawe ya mipaka kwenye nyasi, yamepakwa rangi nyekundu juu. Aliyahesabu kumi na moja. Mashaka alisema walikuja watu na vyombo vya kupimia ardhi, wakashinda siku mbili. Mmoja alimwambia ni kwa ajili ya nyumba, mwingine akasema ni stendi ya malori, wa tatu akasema labda uwanja utakarabatiwa na ndege zitarudi. Mjini kila mtu alikuwa na habari yake. Kinyozi wangu aliapa kwamba viwanja vimeshagawiwa. Jovin alisikiliza yote na hakubishana na mtu, ila nilimwona ameanza kurudi nyumbani akiwa amechelewa, saa saba, saa nane.

Ukaitishwa mkutano wa wananchi kutoa maoni. Jovin alinigongea mlango.

"Mwalimu, utanisindikiza?"

Alikuwa amevaa tai. Sikuwahi kumwona na tai tangu mazishi ya mkewe.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mbele alikaa mwenyekiti, na pembeni yake mtaalamu wa mipango aitwaye Jesse, kijana mpole mwenye kompyuta, ambaye aliandika kila neno. Watu walisema mengi. Mwanamke mmoja alitaka soko. Mwingine alisema watoto hawana pa kuchezea mpira. Mtu mmoja kule nyuma alisema uwanja uachwe, huenda siku moja Moshi ikauhitaji, akapigiwa makofi machache. Jovin alinyoosha mkono mara nne kabla ya kupewa nafasi.

"Naitwa Jovin Tesha. Nilikuwa mpima hali ya hewa pale."

"Shikamoo, mzee," Jesse alisema. "Karibu. Naomba nikuulize kwanza, kwa vile wewe unafika pale. Mwezi uliopita zilitua ndege ngapi?"

Jovin hakuweza kusema uongo kuhusu namba. Hakuwahi.

"Mbili."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, ila walicheka.

"Mbili," alirudia. "Lakini nataka kuwaambia habari ya mwaka tisini na nne. Ilikuwa Julai. Wingu lilikuwa limekaa chini, na kulikuwa na ndege juu ya Kibosho ambayo—"

"Mzee wetu," mwenyekiti akamkatiza kwa upole, "tunaomba ufupishe. Bado kuna watu ishirini."

Jovin alisimama kidogo, mkono umeshika kiti cha mbele. Nilidhani ataendelea. Kisha akasema, "Basi, ni hilo tu," akakaa.

Mkutano ulipokwisha, Jesse alitufuata hadi nje.

"Meku," alimwita kwa Kichaga, kama kijana amwitavyo mzee, "nimeambiwa una kumbukumbu za miaka mingi. Kweli?"

"Ishirini na nane. Na hii saba ya juu."

"Za upepo pia?"

"Kila saa, nilipokuwa kazini. Siku hizi mara moja kwa siku."

Uso wa Jesse ulibadilika. Alisema zingefaa sana kwa ripoti, kwamba hakuna mtu mwenye kumbukumbu za namna hiyo, na kwamba atakuja Rau Jumamosi kuzipiga picha. Jovin alimwelekeza nyumba mara tatu. Njiani kurudi alitembea haraka kuliko mimi, na aliongea bila kukoma. Alinieleza tofauti ya wingu linalotoka baharini na wingu linalozaliwa mlimani. Nilikaa jirani naye miaka kumi na mbili, na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile.

Jumamosi alitoa madaftari yote, akayapanga mezani mwaka kwa mwaka. Alipika mtori wa ndizi na nyama, akaazima vikombe kwangu. Kutoka kwangu nilimwona amekaa kwenye kiti barazani, akitazama barabara. Saa nne. Saa sita. Saa tisa alisimama akaingia ndani, akatoka tena. Jioni alinirudishia vikombe, vimeoshwa.

"Amepata dharura," alisema. "Vijana wana kazi nyingi."

Wiki tatu baadaye, aliponiomba nipige simu kwa namba aliyopewa, Jesse alipokea. Aliomba radhi kwa dhati. Alikuwa amehamishiwa mradi mwingine, Singida, na ripoti ilikuwa imeshapelekwa. Nilimwuliza ripoti imesema nini. Alisema si yeye wa kutoa uamuzi na kwamba mambo bado yanajadiliwa. Nilipomfikishia Jovin, alitikisa kichwa kama anayesoma kipimo asichokitarajia.

Mwezi wa nane Mashaka aliondolewa. Walikuja walinzi wapya, wenye sare mpya. Jovin alifika saa tatu kasorobo kama kawaida, na kijana wa langoni akamsimamisha.

"Shikamoo, mzee. Unaenda wapi?"

"Kupima."

"Kupima nini? Una kibali?"

Jovin alianza kueleza, akaona haelezeki. Alisimama nje ya uzio kwa dakika kumi, akaandika alichoweza kuona kupitia nyaya, akageuza baiskeli. Kesho yake alirudi, akasimama palepale. Siku ya tatu hakwenda.

Sikumwona siku kadhaa, nikaenda kugonga. Alikuwa anafunga sanduku.

"Naenda Kibosho," alisema. "Kihamba cha baba, shamba letu la ukoo, kimekaa bila mtu tangu ndugu yangu Fabian aende Arusha. Kahawa imekuwa msitu."

"Gladness anajua?"

"Anataka niende Mwanza. Mimi ziwa silijui. Sijui upepo wake unavyofanya."

Nilimsaidia kubeba hadi kwenye gari. Madaftari aliyaacha, akanipa ufunguo wa nyumba ili yasiliwe na mchwa.

Mpaka leo uwanja upo, na hakuna aliyeambiwa utakuwa nini. Mawe ya mipaka yamefunikwa na nyasi. Kuna wanaofundishia watu kuendesha gari kando ya uzio. Mara chache sana inatua ndege, na watu hugeuka kuitazama.

Desemba nilipanda Kibosho kumsalimia. Nyumba ilikuwa ya mbao, ndogo, imezungukwa na migomba pande zote, na nilipomwona alikuwa juu ya ngazi akikata matawi ya kahawa yaliyozeeka. Alikuwa amekonda. Alifurahi, akashuka, akanikaribisha ndani, akawasha moto. Hapakuwa na kiti cha pili, akanipa chake na kuketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alikuwa na sufuria moja, sahani moja, na picha ya Salvina kwenye dirisha lisilopitisha mwanga kwa sababu ya majani.

Tuliongea habari za Rau, za mvua, za miguu yake inayouma asubuhi. Nilimwuliza kama watu wanamtembelea. Alisema majirani ni wema, huleta ndizi, lakini ndizi anazo. Nilimwuliza kama bado anapima.

"Huku migomba imefunga kila kitu," alisema. "Ukiangalia juu unaona majani. Sijui hata saa tatu ikifika."

Nilipoondoka alinisindikiza mpaka kwenye njia, akasimama pale, mikono nyuma. Nilimwambia nitarudi Pasaka. Akasema sawa, karibu sana. Kisha akarudi kwenye ngazi, na kwa muda nilipokuwa nashuka niliendelea kusikia panga likikata, tawi moja, likasimama, tawi jingine.