Mama Mbao na Mlango wa Zambarau

Saa mbili asubuhi, fundi rangi ambaye mtaa mzima unamwita Mama Mbao anapiga magoti mbele ya mlango wa chuma. Rangi ya kahawia bado mbichi. Anaiburuzia kipande cha kandambili alichokichonga meno kama kitana, akiutikisa mkono kidogo kwa makusudi, na chuma kinaanza kuota mistari ya mbao.

"Kuna mteja aliwahi kuniuliza dawa ya mchwa," anasema akicheka.

Kazi hii ndiyo iliyowalea wanawe tangu alipofiwa na mumewe. Wiki ikiwa nzuri, anapata milango miwili.

Miaka miwili iliyopita macho yake yote mawili yalipata mtoto wa jicho. Hakumwambia mtu.

"Ningesema, nani angenipa kazi?"

Ukungu ulipozidi, akawa anachanganya rangi kwa kukisia, mbao akiziona kichwani tu. Wateja waliendelea kuja, naye akajipa moyo kwamba mambo ni shwari. Mwishowe wifi yake akamshika mkono hadi hospitali, akalipia upasuaji kwa alichokiita akiba ya familia.

Alipopona, yeye na wifi yake walipita mtaa wa nyuma. Mama Mbao akasimama mbele ya mlango wa zambarau, mistari yake imekwenda mrama.

"Nani kafanya uchafu huu?"

"Wewe, wifi yangu. Na ule pale. Na wa kinyozi pia."

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Kumbe watu walijua siku zote. Walilipa, wakanyamaza, wakamletea na wateja wengine. Ile akiba ya familia nayo ilikuwa mchango wa wenye milango hiyohiyo.

"Nikikumbuka, machozi yananitoka," anasema. "Walinidanganya vizuri kuliko mimi ninavyodanganya chuma."

Sasa anaipaka upya milango hiyo bila malipo, na anataka kuimaliza yote kabla mwaka haujaisha. Mmoja tu ndio umemshinda. Mwenye mlango wa zambarau, mshonaji mzee anayeishi peke yake, amekataa katakata usiguswe.

"Uache hivyohivyo, mwanangu," alimwambia. "Siku utakayopita hapa usiuone ubaya wake, nitajua macho yameanza tena."

Basi kila asubuhi Mama Mbao anapita pale, anausema vibaya mlango kwa sauti, na kutoka ndani mshonaji anaitikia, "Mungu ashukuriwe."