Mama Mkwe kwenye Kiti cha Mteja

Makofi ndiyo yaliyotangulia. Viganja vilivyokunjwa kama kikombe, polepole, vile watu wa Ufipa wanavyosalimu wakiwa bado nje ya mlango. Sisi mawakala wa bima ya afya ya wazee, tuliokusanywa katika ukumbi mmoja pale Sumbawanga, tuliinua vichwa. Jirani yangu wa meza hakuinua chake. Alisimama, akageukia ukuta.

"Huyo ni mama mkwe wangu," alininong'oneza.

Ilikuwa siku ya mtihani wetu wa kila mwaka. Bima hiyo inasimamiwa na serikali, na kila mwaka sharti tuthibitishwe upya, kana kwamba uaminifu wetu una tarehe ya kuisha kama dawa ya kikohozi. Anayefeli haruhusiwi kuuza hadi mtihani mwingine. Jirani yangu alikuwa amefeli mara iliyopita, na mwaka mzima alibeba magunia ya mahindi sokoni. Mgongo wake ulikuwa bado haujamsamehe.

Safari hii makao makuu yalikuwa yamebuni jambo jipya: kuuza kwa vitendo, mbele ya mzee halisi. Zamani tulikuwa tukiiuzia picha, mzee mwenye miwani anayeichekea glasi ya juisi, na hakuwahi kutukatalia. Sasa gari la ofisi lilitumwa kijiji cha Mollo kutafuta mzee, likasimama kwenye nyumba ya kwanza yenye mtu anayeota jua.

Msimamizi, kijana aliyekuja na shati jepesi kwenye baridi ya Julai, alimkalisha mama kwenye kiti cha mteja, kisha akamwita jirani yangu.

"Kaa mbele yake. Mtazame machoni. Msomee mafao yote bila kuruka."

Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake machoni, wala hawakai kiti kwa kiti. Jirani yangu alichuchumaa, akapiga makofi, akausalimu ukuta kwa heshima zote. Mama naye alijifunika kitenge hadi puani, akaliitikia dirisha.

"Mbona hawatazamani?" msimamizi aliniuliza.

"Ni mkwe wake."

"Mwongozo hauna mkwe. Una mteja."

Jirani yangu akaanza kuusomea ukuta. Kwanza haki za mteja: anaweza kuuliza, anaweza kukataa, anaweza kuondoka wakati wowote bila kuzuiwa. Kisha mafao. Macho yalipita. Meno yalipita. Magoti aliyasoma kwa sauti ya chini. Akafika fao lililofuata, akanyamaza. Nililijua: nepi za watu wazima wasioweza kuzuia mkojo.

Nje upepo wa uwandani ulikuwa ukisukuma mabati.

"Umekwama wapi?"

"Hapa pana giza kidogo."

"Jua lote hili? Soma, la sivyo umefeli."

Jasho lilimtoka, kwenye baridi ile. "Kaka, msomee wewe," aliniambia.

"Hairuhusiwi," alisema msimamizi. "Mtu wa tatu lazima aombewe kibali cha mteja kabla ya siku ya mazungumzo."

Hapo mama alinigeukia mimi, maana mimi sikuwa nimeoa kwake.

"Mwanangu, hebu muulize mwenzako. Yale ya mwanzo, kwamba naweza kuondoka, ni kweli au ni ya kusomwa tu?"

Nikauuliza mgongo wa jirani yangu. Mgongo ukajibu: "Mwambie mama ni kweli."

"Basi mwambie nimeshukuru. Hayo yaliyobaki ataniambia binti yangu."

Akainuka. Msimamizi alipekua mwongozo mbele, akaurudia nyuma, kalamu ikiwa hewani. Jirani yangu alizidi kujibanza ukutani ili hata pindo la kitenge lisimguse. Kisha nikamsikia msimamizi akisoma kwa sauti ndogo: mteja akiamua kuondoka, mazungumzo yamekamilika, wakala asimfuate, asimwite, asimwongezee neno. Akamtazama mtu aliyegandana na ukuta. Sidhani kama kipengele hicho kiliwahi kutimizwa vizuri namna ile.

"Umefaulu," alisema, kama anayelipa faini.

Mama alipofika mlangoni alipiga makofi ya kuaga. Jirani yangu aliyaitikia, uso wake ukiwa palepale ukutani, hadi mlango ulipofungwa nyuma ya mama.