Oili ya Kwanza ya Pikipiki ya Sista

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa ovaroli ya kaka yangu, nimeikunja miguuni na mikononi, nikafika kwenye karakana ya serikali pale Morogoro mjini kabla mlinzi hajafungua geti. Nilikuwa mwanamke peke yangu. Fundi mmoja alinisalimia vizuri tu, kisha akanionyesha jiko lilipo, akidhani nimekuja kupika chai. Nikamwambia nimetoka chuo cha ufundi. Akasema sawa, lakini jiko ni lile pale.

Karakana za wakati wetu zilikuwa na ngazi zake. Juu alikaa Mkuu wa Karakana, ambaye tulimwona zaidi dirishani kuliko uwanjani. Chini yake alikuwa Fundi Mkuu, mzee wa maneno machache, na yeye ndiye aliyegawa kazi. Magari waligawiwa wazoefu. Mimi nilipewa pikipiki iliyoshushwa asubuhi ile kutoka kwenye lori la kabichi.

Ilikuwa pikipiki ya Kiingereza, kuukuu hata kwa siku zile. Padri mmoja aliiacha kwenye stoo ya misheni alipohamishwa, ikakaa miaka mingi watu wakiitundikia magunia. Sasa aliitaka Sista Muuguzi, mtawa aliyeishi misheni karibu na Mkuyuni. Kila wiki alipanda mlima kwa miguu kwenda kwenye zahanati ndogo huko juu, kupima wajawazito na kuchanja watoto. Alikuja na lori hilohilo, akasimama kando ya pikipiki huku kanzu yake imejaa majani ya kabichi.

"Itapanda mlima hii?" aliniuliza.

"Sijui, Sista. Kwanza tubadilishe oili."

"Kwani oili ndiyo mbovu?"

"Oili ndiyo itakayotuambia kama kuna kingine kibovu."

Maneno hayo hayakuwa yangu. Fundi Mkuu alikuwa ameniambia dakika chache kabla, nami nikayatoa kama yalivyo.

Nieleze kidogo, maana pikipiki za leo hazina habari hizi. Kwa kawaida unawasha injini kwanza ipate joto, ili oili iwe nyepesi, ishuke na uchafu wake wote. Pikipiki iliyolala miaka huwezi kuiwasha, kwa hiyo unaimwaga ikiwa baridi na unakuwa mvumilivu. Halafu aina ile haikuweka oili chini ya injini. Ilikuwa na tangi lake la oili chini ya kiti. Oili ilishuka kwa bomba moja, ikalainisha injini, kisha pampu ikairudisha juu kwa bomba jingine. Ikiachwa muda mrefu, oili huvuja polepole kutoka tangini na kujikusanya chini. Ukifungua tangi unalikuta tupu, unajaza, kumbe kule chini kumefurika. Fundi Mkuu alinifanya nifungue nati zote mbili za kumwagia, ya tangi na ya injini, na kuweka beseni chini ya kila moja.

Chini ilitoka oili ya kijivu, nzito kama uji. Hiyo rangi maana yake maji yameingia. Nikaosha injini kwa oili nyepesi, nikaimwaga, nikaosha tena. Nikatoa chujio, kitambaa cha waya laini, nikakisugua kwa petroli. Washa za shaba, zile pete zinazokaa chini ya nati, zilikuwa zimekakamaa. Nikazipasha moto mpaka zikawa nyekundu na kuzitumbukiza kwenye maji ili zilainike, maana mpya hazikuwepo. Nikajaza oili safi, nikatoa plagi, nikaanza kupiga kiki polepole. Ukiangalia mdomo wa tangi, unatakiwa kuona oili ikirudi. Nilipiga mpaka goti likauma. Haikurudi hata tone.

Mkuu wa Karakana alishuka siku hiyo. Alitazama beseni, akanitazama mimi.

"Washeni, muone kama inalia. Ikilia, watawa waichukue. Hapa nataka nafasi."

"Oili hairudi, mzee," nikasema.

"Binti, bado uko kwenye majaribio. Mimi ndiye nitakayeandika kama umefaa."

Fundi Mkuu alikuwa pembeni anafuta spana. Hakunitetea wala hakunikataza. Nilijua nikiiwasha, Sista ataondoka na pikipiki inayolia vizuri, na injini itanoki kwenye mteremko wa kwanza, chuma kimesagana na chuma, gurudumu limekwama, bonde likiwa kando yake. Nikamwambia Mkuu naomba nibaki nayo mpaka Ijumaa, na kama nafasi ni shida nitaisukumia nje ya geti, nifanyie kazi kule. Akasema haya, nje ya geti.

Niliifanyia kazi barabarani, wapita njia wakinizunguka. Nilifungua mabomba moja baada ya jingine. Katika bomba la kurudishia nilikuta utandu umeganda kama lami na kuliziba kabisa. Nikauchokonoa kwa waya wa breki ya baiskeli, nikarudishia kila kitu, nikapiga kiki. Oili ikadondoka tangini, tone, tone jingine, kisha mchirizi. Fundi Mkuu alikuja kuchungulia.

"Sasa iwashe," akasema, akarudi ndani.

Sista alijifunza kuiendesha kwenye uwanja wa karakana, kanzu ameifunga kiunoni kwa mkanda. Mimi nilithibitishwa kazini. Jikoni nilikwenda pia, kwa sababu chai nilikuwa nainywa.

Baadaye nilihamishiwa Mikese, kwenye mitambo ya barabara. Msimamizi wa Kituo pale alikuwa na msemo wake: "Mtambo hauna homa, Fundi, na wewe usiwe nayo." Niliumwa nikiwa chini ya greda. Niliolewa, nilizaa, nilirudi chini ya greda. Miaka ya pale imechanganyika kichwani mwangu, vumbi na jua tu. Viganja vyangu viliharibikia huko. Nikaomba uhamisho, nikapelekwa kwenye kituo kidogo cha Mkuyuni, na wiki ya kwanza tu Sista akaingia na pikipiki yake.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Oili imefika wakati."

Tukaendelea hivyo muda mrefu. Yeye alizeeka, mimi nikafuatia. Kisha msimu mmoja wa masika alikuja na usukani umepinda na pedali ya gia imekatika. Alisema ni tope. Nilipompa kikombe cha chai nilimwona anakishika kwa mikono miwili, na bado chai ilimwagika. Nikamwomba abane klachi. Alibana, vidole vikaachia vyenyewe.

Nilinyoosha usukani, nikabadilisha oili, nikaisukuma pikipiki ndani ya stoo na kufunga mlango.

"Imekufa?" aliuliza.

"Pikipiki ni nzima, Sista. Wewe ndiye sikuachii upande nayo."

Aliutazama ule mlango. "Na wale kina mama?"

"Watapelekewa mtu mwingine."

"Nani?"

Aliondoka bila kuniaga, na sikumlaumu.

Siku ya kliniki ilipofika nilimwona anapita mbele ya kituo kwa miguu, mkoba begani na kisanduku cha chanjo mkononi. Nikamwomba ruhusa Msimamizi wa kituo chetu cha Mkuyuni, nikamfuata Sista, nikapokea kisanduku. Tukapanda. Nilikuwa nimeihudumia mashine ile tangu ujana wangu na sikuwahi kuiona njia yake. Tulivuka vijito, tukapita migomba na mashamba ya mboga yaliyoning'inia kwenye mteremko kiasi kwamba nilijiuliza wanaolima wanasimamaje. Nilipumzika mara nyingi kuliko yeye.

Zahanati tuliikuta tupu. Benchi la nje halikuwa na mtu. Nikaona aibu kwa niaba yake, nikadhani watu wameacha kuja. Sista alikaa, akafungua mkoba, akapanga vitu vyake mezani, akasubiri. Jua lilipopanda sana alipita mwanamke mmoja mwenye mzigo wa kuni, akashtuka kutukuta.

"Sista? Umefika saa ngapi? Mbona hatujasikia pikipiki?"

Huko mashambani walikuwa wakiisikia inapopanda ile kona ya mwisho, ndipo wanaacha majembe, wananawa, wanabeba watoto na kushuka. Bila mlio, hakuna kliniki. Mwanamke yule alitua kuni, akaenda ukingoni na kuita kuelekea bondeni, na wengine wakapokeza wito. Walianza kufika mchana, wengi walishakata tamaa ya siku hiyo.

Wakati wa kushuka nilimwambia Sista, "Wiki ijayo nitaendesha mimi. Wewe utakaa nyuma."

"Na kazi yako?"

"Nitaomba."

Msimamizi alinung'unika, lakini alikubali, kwa sharti kwamba siku hiyo nifidie Jumamosi. Nilifidia Jumamosi zote mpaka Sista alipohamishiwa kwenye nyumba ya masista wazee, ambako alifia. Nikaendelea kidogo kumpeleka muuguzi aliyemfuata, kisha nikastaafu.

Siku hizi muuguzi anapanda kwa bodaboda, na kina mama wanapigiwa simu. Ni vizuri hivyo. Pikipiki ile ipo misheni, nasikia kuna mtu anataka kuinunua aiweke kwenye hoteli yake. Mimi nakaa mjini kwa binti yangu, karibu na barabara. Magoti yamekwisha, viganja havifungui kopo la jamu. Vijana wanaponiuliza kuhusu kazi yetu nawaambia ilikuwa nzuri na ilichosha, na sijui namna ya kuvitenganisha hivyo viwili.

Asubuhi nalala nasikiliza bodaboda zinavyopita. Ile isiyo na oili ya kutosha naitambua, inagonga kikavu juu, kama mtu anayepiga kucha kwenye sufuria. Zamani ningetoka kumsimamisha dereva wake. Sasa mpaka niamke, nitafute kandambili, nifungue mlango, kijana wa watu ameshafika stendi ya Msamvu.