Barua Iliyorudi Buluk

Juzi kazini barua pepe yangu ilirudi kwa sababu anwani niliyoitumia haipo tena, nikakumbuka mchana mmoja Buluk, mtaa tulioishi na mama nikiwa mtoto.

Mama hakujua kusoma. Ofisini alikokuwa akifagia, fundi wa kompyuta, Mkenya, alimwandikia barua kwa baba, aliyebaki Uganda. Siku chache baadaye alituita. Chumba kilinuka dizeli ya jenereta. Kompyuta yake haikuwa na picha, ila maandishi meupe juu ya weusi. Alichapa neno moja, mistari ikashuka.

"Mama, barua imerudi," alisema, bila kumtazama.

Nilifurahi, nikidhani baba amejibu. Kiingereza cha juu kilinishinda, lakini chini palikuwa na Kiswahili, nikamsomea mama: "Mimi iko mzima. Mimi nangoja wewe tu."

"Hiyo ni maneno yangu," mama alisema.

Nilidhani anafurahi kwamba wanawaza sawa. Sikujua kuwa barua ikikosa wa kuipokea, mashine humrudishia mtu maneno yake mwenyewe.

Fundi alitaka kuifunga, mama akamshika mkono.

"Soma tena," aliniambia.

Nikasoma tena, safari hii kwa sauti nzito, kama ya baba.