Mwizi wa Adhuhuri

Bi Tausi wa mtaa wa Mabawa hakuwa na cheo chochote, wala hakukitaka. Kazi yake ilikuwa mwanawe Nasri, aliyepatwa na maradhi ya akili akiwa kijana wa kuoa. Nasri alikuwa hapigi hodi. Aliingia nyumba yoyote, akafunua sufuria, akakaa kitako kana kwamba yuko kwao. Zamani polisi waliwahi kuitwa; wakamrudisha mikono imevimba kwa pingu, akawa hasemi na mtu. Ndipo Tausi alipopita nyumba hadi nyumba akiwaomba majirani: akiingia msipige kelele, mpeni chochote ale, kisha mniite. Wakakubali kwa moyo mweupe, na miaka ikapita bila kituo cha polisi kulisikia tena jina la Nasri.

Kisha mumewe Tausi akafariki, naye akakaa eda. Mjane wa eda hatoki ovyo, hilo halina mjadala. Majirani walimhudumia vizuri, Mungu awalipe. Walimchotea maji, wakamwangalizia na mwanawe. Katika miezi hiyo Bertha, fundi cherehani kutoka Muheza, akapanga chumba nyumba ya pili. Tausi alikuwa akiisikia cherehani dirishani, akajisemea kwamba akitoka edani tu, ataanzia kwa huyo mgeni.

Siku moja adhuhuri zikasikika kelele: "Mwizi! Mwizi!" Tausi alikuwa juu ya msala. Hakuingiwa na hofu ya mwanawe, maana nani Mabawa asiyemjua Nasri? Aliinua mikono akamwombea huyo mtoto wa watu asiuawe.

Jirani yake Sabra akaingia mbio, anahema. "Dada Tausi, ni Nasri!"

Eda ikaishia mlangoni. Wenye magongo walipomwona mjane barabarani, kichwa wazi, waliona haya wakarudi nyuma. Haya gani hiyo, baada ya kuvunja watu mbavu! Nasri alikata roho kabla ya kufikishwa hospitali.

Bertha alikuja matangani, macho yamemvimba, akapiga magoti mbele ya Tausi.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Nilimkuta chumbani kwangu, mkono kwenye sufuria. Sikujua."

"Marahaba. Utajuaje, mwanangu? Mimi nilikuwa ndani."

"Na hawa je?" Bertha aliwageukia wanawake waliojaa mkekani. "Nguo zenu nashona mimi. Mnakaa kwangu mnapiga soga mpaka jua linazama. Hakuna hata mmoja aliyenitajia?"

Sabra alifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Tulijua mamake mwenyewe atakwambia."

Wengine waliinamisha vichwa. Tausi aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, akaangua kilio ambacho hata siku ya mumewe hakukilia, maana sasa alielewa kwamba miaka yote ile Nasri alikuwa na mlinzi mmoja tu.